Bakuli Jeupe Juu ya Ukuta

Mpwa wangu amenifungia nyumbani kisanduku kidogo, hakizidi mche wa sabuni, kimekaa juu ya kabati la vyombo kikipepesa jicho moja la kijani. Kazi yake ni kunitumia ujumbe kwenye simu. Tangi likijaa huniandikia, likishuka huniandikia, umeme ukikatika na kurudi huniarifu kwamba kiko hai na kimerudi kazini. Hakuna mtu anayekigusa. Mpwa wangu aliponieleza haya alisema polepole na kwa huruma, kama anayemsimulia bibi kizee habari za mwezini. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba kitu hiki tulikuwa nacho Malindi miaka ya themanini, na chetu hakikula umeme. Alicheka mpaka akakohoa, na ndipo nilipoamua kuandika.

Baba yangu alijenga tangi la saruji uani, likiegemea ukuta wa njiani. Mfereji wake, lile bomba la kufungua na kufunga, aliupenyeza ukutani ukatokeza nje, ili mwenye kutaka maji asihitaji kuingia ndani. Maji ya mji wakati ule yalikuwa na tabia za jamaa wa mbali, huja bila taarifa na huondoka kabla hujatenga chai. Nyumba nyingi za mtaani hazikuwa na bomba kabisa. Baba aliweka nia kwamba tangi lile ni sadaka yake yenye kuendelea, ile ambayo thawabu zake haziishi hata mtu akishafukiwa. Waliteka matajiri, waliteka maskini, na hakuna aliyeulizwa yeye ni nani.

Baada ya kustaafu, kazi ya baba ilikuwa kukaa barazani. Maji yasipokuwapo aliketi. Bomba la uani likianza kukoroma na tangi kujaa, alisimama. Alikuwa mrefu, na kofia yake nyeupe ilionekana toka mwisho wa kichochoro. Halafu aliita, kwa sauti nene yenye mikwaruzo, "Maji haya, jamani!" Walio karibu waliisikia sauti, walio mbali waliiona kofia, na neno likapita mlango kwa mlango: mzee amesimama. Kila mwenye debe alijua maana yake.

Kisha baba akafariki, kwa maradhi mafupi, na mama akaingia eda.

Kwa asiyejua mila zetu, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hagusi hina wala manukato, na hachanganyiki na wanaume wasiokuwa maharimu wake. Mama aliikaa eda kwa moyo wake wote. Alimpenda yule mtu. Tatizo lilikuwa mfereji.

Maana sasa hakuna aliyesimama wala aliyeita. Watu walikuja na madebe kutoka mbali, wakafungua mfereji, wakakuta mkavu, na wakifika kwetu baada ya mwendo wote ule hawakukubali kuondoka bila habari. Walibisha. Hodi, hodi, maji yatoka lini? Hodi, jana yalitoka? Hodi, nirudi baada ya adhuhuri? Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuulizwa mchana kutwa ni adhabu. Mimi nilikuwa kazini posta, nikiunganisha simu za watu, na mama alikuwa peke yake. Ilimlazimu kujibu nyuma ya mlango, kwa sauti yake, watu asiowajua, wakiwamo wachukuzi wa maji na mikokoteni yao. Nikirudi jioni namkuta ameinamia tasbihi, amechoka, sauti imekauka.

Ami yangu, nduguye mkubwa wa baba, alikuja kutoka Mambrui kutujulia hali. Alikaa barazani tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, akawaona wote waliobisha. Alipoingia ukumbini, mama akajisitiri nyuma ya pazia la chumba.

"Shemeji," Ami akasema, "sauti ya mjane wa ndugu yangu yazagaa njiani kama ya mnadi. Nitaufunga mfereji huu mpaka eda iishe."

"Na sadaka yake?" mama akauliza.

"Itangoja. Asiyekuwapo na lake halipo."

Pazia likatikisika. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akikasirika aliyachagua moja moja. "Shemeji, huyo unayesema hayupo, yuko kaburini na hana kitu mkononi ila maji haya. Akiwa hai ukimwona ana kiu, ulikuwa ukimwambia angoje miezi minne?"

Ami hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa heshima, na watu wa heshima wana ubishi wao. Akasema, "Nitakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nikikuta mtu abisha mlango huu kuuliza maji, nitaufunga kwa mkono wangu." Akanywa kahawa yake akaondoka.

Nilikasirika. Sikumkasirikia Ami peke yake, nilimkasirikia kila mtu mwenye debe. Lakini hasira zangu zina faida moja, haziniachi nikae bure. Kule posta, mbele yangu kulikuwa na ubao wenye vijifuniko vidogo vya chuma, kila kimoja na laini yake. Mtu akiinua simu nyumbani kwake, kijifuniko chake kinaanguka chenyewe, nami najua kuna anayetaka kuunganishwa. Hakulazimika kupiga kelele, nami sikuhitaji kuzunguka mji nikiuliza nani anataka simu. Siku moja nilikitazama kijifuniko kikianguka nikajiambia, tangi nalo na liseme lenyewe.

Mtambo wangu wa kwanza ulikuwa wa fahari. Fundi wa bati alinifungia kopo tupu la samli pande zote nikapata boya. Boya likipanda na maji lilisukuma swichi niliyoifunga ukutani juu ya tangi, na juu ya mlango wa mbele nikaweka globu mbili. Nyekundu iliwaka tangi likiwa tupu. Maji yakijaa, nyekundu ilizimika ikawaka kijani. Hakuna kubisha, hakuna kuuliza, mtu atazame ajue. Niliiwasha jioni moja, nikasimama njiani nikajisifu peke yangu.

Nilisahau jambo moja ambalo mtoto yeyote wa Malindi angenikumbusha. Nyumba iliyowaka globu za rangi juu ya mlango ni nyumba ya harusi.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ndiye aliyetangulia, na buibui lake halijakaa sawa kichwani. "Jirani, sisi si watu wa nyumba moja?" akamwambia mama. "Harusi tuijue kwa globu?" Nyuma yake wakaja wengine, mmoja akanikumbatia akidhani bibi harusi ni mimi. Na mwisho, wallahi, kikundi cha wanawake wapiga matari kilituma mtu kuuliza shughuli ni lini, ili wajipange. Kwa wale wenye fikira mbaya, ambao hawakosekani, aliyekuwa akiolewa ni mama, na kaburi la mumewe bado bichi. Mama alilia usiku ule. Nilizing'oa globu kabla ya kulala, kwa aibu na ghadhabu.

Habari ikafika Mambrui kabla hata ya kapu la muuza samaki wetu. Muuza samaki aliporudi alituletea salamu za Ami: amesikia kuna arusi, anashukuru kwa kutoalikwa, na Ijumaa atakuja na koleo.

Asubuhi yake mama aliniita. Nilidhani ataniambia niache. Alikuwa ameketi kitandani na uso uliovimba. Akasema, "Mwanangu, wewe wataka nyumba iwake. Babako hakuwa akiwaka. Alikuwa akionekana."

Nilitoka uani nikalitazama lile boya likielea. Ikanijia kwamba umeme haukuwa na kazi yoyote pale. Boya lenyewe ndilo linalopanda, na kinachopanda kinaweza kubeba kitu. Nilisimamisha mwanzi mrefu juu ya boya, nikaupitisha katika kipande cha bomba nilichokishindilia kwenye mfuniko wa tangi, ili usiyumbe. Juu ya mwanzi nikafunga wima sahani nyeupe ya bati, ile baba aliyokuwa akilia chakula. Mama mwenyewe ndiye aliyenipa. Tangi likiwa tupu, sahani ilijificha nyuma ya ukuta. Maji yakipanda, ilichomoza juu ya ukuta kidogo kidogo kama mwezi, na yakishuka ilizama. Nusu sahani ilikuwa na maana ya nusu tangi, nisilazimike kumweleza mtu.

Maji yakatoka. Sahani ikapanda. Majirani wa upande wetu wakaja, wakateka, na mlango haukubishwa. Nikaenda kazini nikitembea katikati ya njia.

Jioni nikamkuta mchukuzi mmoja wa maji amesimama kando ya mkokoteni wake, karibu na kwetu. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Ganze, aliyekuwa akiwapelekea maji watu wa mtaa wa Kisumu Ndogo, na baba alikuwa akimpenda kwa sababu hakuwahi kusukumana na wanawake kwenye foleni. Alinisalimu, akaniuliza hali ya mama, kisha akasema, "Dada, sahani yenu ni ya watu wa upande huu. Imewatazama wao. Miye nikija kwa kule naona ubavu tu, kama kisu. Leo nimepita hapa nikaenda mbali, na kumbe madzi yalikuwako."

"Ungebisha ukauliza," nikasema. Neno hilo lilinitoka bila kufikiri, na yeye akanitazama kwa mshangao.

"Mama si yuko eda?" akasema. "Na tena, kwetu Ganze hatwendi kutazama kama kisima kina madzi. Kule ni mbali. Mtu akitembea, iwe ni kuteka."

Aliyasema hayo bila makuu, akashika mkokoteni wake. Mimi nilirudi ndani nikaivua sahani. Nilihitaji kitu kisichokuwa na mgongo wala ubavu, kinachoonekana sawa kwa anayetoka kokote. Mama alifungua kabati akatoa bakuli la baba la uji, jeupe, la mviringo. Nililifunga kichwa chini juu ya mwanzi, nikaenda kuosha mikono.

Siku iliyofuata nilikuwa nyumbani. Bomba likakoroma mchana, maji yakaanza kuingia, na bakuli likapanda nyuma ya ukuta mpaka likatokeza. Mimi nilikuwa uani nikilitazama kwa chini, sikuona kitu ila bakuli. Waliokuwa njiani waliona kingine. Nikamsikia yule mchukuzi wa Ganze, kwa mbali, akimwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida, "Haya, twende. Mzee asimama."

Mama alikuwa dirishani. Nilimwona ameushika mlango wa dirisha. Nilikimbilia nje kutazama, na kweli, kutoka mwisho wa kichochoro, bakuli lile lilikuwa kofia. Kofia nyeupe juu ya ukuta, pale pale, kimo kile kile. Wallahi sikukusudia. Niliingia ndani tayari kulishusha, nikiogopa nimemchezea marehemu mbele ya mkewe. Mama akanizuia.

"Liache," akasema. "Kama watu wamwona amesimama, basi na asimame."

Toka hapo mlango wetu ulinyamaza. Mama alilala mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba. Alisoma Kurani yake bila kukatizwa. Mtaani watu walitazama ukuta kama wanavyotazama saa ya msikiti, na nikipita nilisikia wakiambiana, mzee amesimama, mzee nusu, mzee ameketi. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Kule posta niliunganisha simu za watu huku natabasamu, na msimamizi wangu akanitazama kwa wasiwasi.

Lakini Ijumaa haikusahau kuja. Na wiki ile, kwa mkosi, maji ya mji yalikatika tangu Jumanne.

Ami aliwasili baada ya sala. Kanzu yake ilikuwa imelemea upande mmoja kwa uzito wa koleo mfukoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi barazani, nikammiminia kahawa. Tukangoja. Wapita njia walifika pembeni mwa kichochoro, wakainua macho kidogo, wakageuka na ndoo zao. Hakuna aliyekaribia. Ami alikunywa kikombe cha kwanza na cha pili.

"Mbona habishi mtu?" akauliza.

"Wao wajua hakuna maji, Ami."

"Nani kawaambia?"

"Hakuna aliyewaambia."

Nilidhani nimeshinda. Ami akafikiri, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Basi wameshasahau," akasema. "Dunia ndivyo ilivyo. Na kama wamesahau, kuufunga hakutamuumiza mtu." Akatoa koleo, akaenda kwenye mfereji kuung'oa mpini, asiweze mtu kuufungua.

Sijui kama nimewahi kuogopa vile. Niliyoyafanya yote yalifanya kazi barabara, na kwa kufanya kazi barabara yalimpa ushahidi wa kuimaliza sadaka ya baba. Nilijaribu kumweleza habari za bakuli, lakini bakuli lenyewe lilikuwa limejificha nyuma ya ukuta na hakuna cha kumwonyesha. Kwa bahati, nati ya mfereji ule ilikuwa imekazwa na baba, na baba alikuwa akikaza. Ami alisokota mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Niletee mafuta ya taa nilainishe," akasema.

Niliingia kuyatafuta mafuta ya taa. Niliyatafuta kabatini, niliyatafuta chini ya kitanda, niliyatafuta kila mahali nilipojua hayapo. Mama alikuwa nyuma ya pazia amesimama wima, mikono kifuani, midomo ikienda kwa dua. Hakuniuliza kitu. Chupa ya mafuta ya taa tulikuwa tunaitazama sote wawili, juu ya rafu, mahali pake pa siku zote.

Ndipo bomba la uani likakohoa. Likatema upepo, likakohoa tena, na maji yakaangukia kwenye tangi tupu kwa kishindo. Nilikaa chini sakafuni. Nikamwomba Mungu amnyime Ami nguvu za mikono, kwa muda tu.

Nilipotoka na chupa, nilitoka kwa hatua za bibi harusi. Ami aliinyakua akamimina, akangoja nati ilainike, akashika tena koleo. Alikuwa ameinama juu ya mfereji, bega kwa ukuta, na hakuliona bakuli likichomoza juu ya kichwa chake. Alichokiona ni watu. Walitokea kwa jirani, walitokea vichochoroni, wanawake na ndoo, vijana na madebe, na kutoka njia ya Kisumu Ndogo ukaja mkokoteni mbio mbio. Hakuna aliyeita mtu, hakuna aliyebisha. Walikuja wakapanga foleni mbele ya mzee aliyeshika koleo, wakamwamkia kwa adabu, wakangoja amalize.

Ami akanyoosha mgongo. "Nani kawaita nyinyi?"

Yule mchukuzi wa Ganze akavua kofia yake ya majani, akaelekeza kwa kidevu juu ya ukuta. "Mzee amesimama," akasema.

Ami akageuka. Akaliona. Maji yalisikika yakimiminika upande wa pili. Alilitazama lile bakuli kwa muda mrefu, nikaona uso wake ukibadilika, ubishi wote ukimtoka, akabaki mzee tu aliyefiwa na mdogo wake. Akalirudisha koleo mfukoni. Akafungua mfereji kwa mkono wake, akakinga kiganja, akanywa, akasema, "Mungu akurehemu, ndugu yangu."

Kisha akatazama mwisho wa kichochoro, ambako bibi mmoja mwenye macho mabovu alikuwa amesimama na ndoo yake, hajui aende au arudi. Ami akavuta pumzi. Na kwa sauti nene yenye mikwaruzo, sauti ya nyumba moja na ziwa moja, akaita, "Maji haya, jamani!"

Niliacha kila kitu nikakimbilia ndani. Mama alikuwa ametoka nyuma ya pazia, ameegemea ukuta wa njiani kwa viganja vyote viwili, shavu limegusa chokaa. Alikuwa akilia na akicheka, na uso wake ulikuwa wa mwanamke kijana.

"Ni shemeji huyo?" akaniuliza.

"Ni yeye, mama. Mfereji haufungwi."

Akafumba macho.

"Mwambie aite tena," akasema.

Nikatoka nikamwambia, na Ami akaita tena.